Kupanda sleji ya poro: maandalizi kamili kwa anayetokea Dar

Poro ni jina la Kifini la yule mnyama mwenye pembe za matawi anayechorwa kwenye kadi za Krismasi akivuta sleji, chombo cha kuteleza kisicho na magurudumu, juu ya theluji. Kwa Kiswahili hajapata jina moja. Wengine humwita kulungu wa Aktiki, wengine wametohoa jina la Kiingereza wakaandika reinidia. Hapa tunatumia poro kwa kuwa ndilo utakalolisikia shambani, na linakaa vizuri mdomoni. Halina undugu na kiporo cha wali wa jana.

Kabla ya kufika kwenye viza na makoti, shika jambo moja. Watu wa Dar wengi hujiandaa kwa baridi ya kutembea, kumbe kwenye sleji hutembei. Unakaa. Mwili unaotembea hujitengenezea joto lake, lakini uliokaa chini ya blanketi hutumia akiba tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuzunguka mjini saa nzima kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri bila shida, kisha akapanda sleji na baada ya dakika 20 asivisikie vidole vya miguu. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unarudi kwenye hilo.

Wapi na lini

Mashamba ya poro yako Lapland, yaani eneo la kaskazini linalogawanywa na Norwei, Uswidi, Ufini na kipande cha Urusi. Kwa mgeni wa mara ya kwanza, Rovaniemi nchini Ufini ndiyo njia nyepesi. Ni mji mkuu wa mkoa wa Lapland, uko karibu kabisa na mstari wa Aktiki, na una uwanja wake wa ndege. Kutoka Dar utapita Istanbul au Amsterdam hadi Helsinki, kisha ndege ya ndani ya saa 1 na dakika kama 20, au treni ya usiku ya takriban saa 12 yenye vyumba vya kulala. Tromsø ya Norwei na Jukkasjärvi ya Uswidi pia zina ziara za poro. Inari, mbali zaidi kaskazini mwa Ufini, inamfaa anayetaka kuelewa maisha ya Wasami, watu wa asili wa huko, na ina jumba la makumbusho la Siida linaloeleza historia yao.

Desemba ndiyo inayotamaniwa na wengi, na ndiyo mbaya kuliko inavyodhaniwa. Bei iko juu, foleni ni ndefu, na mwanga hakuna. Tarehe 21 Desemba jua la Rovaniemi huchomoza kama saa 5 asubuhi na kuzama kabla ya saa 7 na nusu mchana, na muda wote huo liko chini tu kwenye upeo, halipandi. Ukichelewa kuvaa, picha zako zote zitakuwa za giza la bluu. Mwishoni mwa Novemba kuna tatizo jingine: theluji inaweza kuwa bado nyembamba, na sleji bila theluji ya kutosha haitoki. Chagua mwisho wa Februari au Machi. Theluji imejaa, mchana umefika saa 10 hadi 12, na baridi kali ya Januari imeanza kulegea. Kasoro yake ni likizo ya shule za Ufini, ambayo huangukia kati ya Februari na mwanzo wa Machi kwa zamu za mikoa. Wiki hizo weka nafasi mapema.

Saa za kule wakati wa baridi ziko nyuma ya Dar kwa saa moja. Na tiketi ikiandikwa 10:00 ni saa 4 asubuhi, si saa 10 jioni. Hilo unalijua, ila mwandikie pia shangazi unayesafiri naye kwa saa zetu za Kiswahili, maana basi la kuwapeleka shambani halisubiri.

Karatasi

Utahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45, kwa hiyo miezi 3 kabla ndiyo hesabu ya busara. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukilala Ufini usiku 5 na Norwei usiku 2, ombi ni la Ufini. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa 2 tupu. Bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Soma masharti yake, maana bima nyingine huiweka michezo ya theluji kando, nawe unataka kujua kama sleji ya kuvutwa na mnyama imehesabiwa humo.

Chakula cha njiani: nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria. Sambusa za nyama zimalizeni kabla ya kushuka.

Kuweka nafasi bila kupunjwa

Tangazo likisema ziara ya saa 3, usidhani utapanda sleji saa 3. Ndani yake kuna kuchukuliwa hotelini, kuvalishwa, maelezo, kulisha wanyama, moto na kinywaji, na kurudishwa. Sleji yenyewe inaweza kuwa nusu saa. Uliza moja kwa moja: mzunguko ni wa kilometa ngapi? Poro wa kuvuta watalii hutembea, hakimbii, kwa hiyo kilometa 1 ni kama dakika 10 hadi 15. Kwenye kijiji cha Santa Claus, kilometa kama 8 kutoka mjini Rovaniemi, kuna mizunguko mifupi ya mita mia kadhaa. Inamfaa mwenye mtoto mdogo, au asiyejua atavumilia vipi. Hiyo ni ya makumi ya euro, wakati ziara ya shambani pamoja na usafiri mara nyingi huvuka euro 100 kwa mtu.

Uliza pia kama mavazi ya kuazima yamo kwenye bei, yaani ovaroli nzito, buti, soksi na glavu, na kama wana saizi za watoto. Uliza wanafuta ziara baridi ikifika nyuzi ngapi, na fedha inarudi au tarehe inasogezwa. Kila shamba lina kiwango chake. Mwenye mimba, mwenye maumivu ya mgongo au mwenye mwili mkubwa aseme mapema. Hakuna aibu hapo, wanapanga nani apande na nani na poro yupi avute.

Nguo: anzia Karume

Makoti ya baridi ya Ulaya yamejaa Dar kuliko tunavyofikiri, kwa sababu huja ndani ya mabelo ya mitumba na hapa hayana mnunuzi wa haraka. Nenda Karume asubuhi belo linapofunguliwa. Unatafuta tabaka tatu.

Tabaka la ndani linagusa ngozi na kazi yake ni kuondoa jasho. Liwe sufu laini au nailoni ya michezo, mikono mirefu na suruali ndefu ya kubana. Pamba ni marufuku. Fulana ya pamba hunywa jasho na kubaki nalo, na ukishakaa kwenye sleji, hilo jasho ndilo linakuwa baridi mgongoni. Kikoi na kanga vina kosa lilelile ukivifunga puani: pumzi inavilowesha, vinaganda, na unabaki na ubao wa barafu usoni. Nunua seti 2 za tabaka hili ili moja ikauke wakati nyingine imevaliwa.

Tabaka la kati linashika hewa: sweta la sufu au jaketi la manyoya ya bandia. La nje linazuia upepo: koti refu lililofika mapajani, lenye kofia yake, na suruali ya theluji. Koti lililojazwa manyoya ya ndege ni zuri, ila libinye sehemu kadhaa kwa vidole. Ukikuta mabonge na kati yake patupu, lilifuliwa vibaya na joto limekwisha. Jaribu zipu mara 3 juu na chini. Zipu inayokwama Ilala haitafunguka Lapland ukiwa na glavu.

Sufu isiyo na lebo unaitambua kwa moto. Chomoa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inajizima yenyewe, pamba inawaka kama karatasi, na nailoni inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Muuzaji hatakatazia uzi mmoja ukimwomba kistaarabu.

Buti za mtumba tungekushauri uziache. Soli ya zamani inaweza kuonekana nzima, ukaikunja ikapasuka, na ile ya povu ikamomonyoka kama biskuti siku ya pili. Azima za shambani. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua namba moja au mbili juu ya yako: anayevaa 42 achukue 43 au 44. Soksi nene ya sufu, moja. Mbili ndani ya buti ya kubana zinaminya damu, na mguu usiopata damu unaganda hata ukiwa umefungwa kwa blanketi. Kipimo ni hiki: ndani ya buti uweze kuchezesha vidole vyote kama unavyochezesha ukiwa na ndala.

Mikononi vaa glavu za mfuko, ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na gumba peke yake, maana vidole hupashana joto. Ndani yake vaa glavu nyembamba, ili ukitoa mkono kupiga picha usibaki wazi.

Kwa mwenye rasta au misuko minene, kofia ya kawaida haitafika masikioni, itakaa juu kama kifuniko cha sufuria. Tafuta kubwa, au tumia soksi pana ya shingo ya kuvuta hadi kichwani kisha kofia ya koti juu yake. Nywele ziwe kavu kabisa kabla ya kutoka. Anayevaa hijabu atafute ya sufu au ya kitambaa cha michezo, na aipitishe ndani ya kola ya koti. Hereni, vipini na mikufu ya chuma vivue, chuma kinanyonya joto la ngozi kinapogusa. Usoni paka mafuta ya mgando au krimu nzito nusu saa kabla ya kutoka. Losheni nyepesi za majimaji ziache hotelini.

Ukishavaa vyote, usikae ndani ukisubiri. Vaa tabaka la nje dakika ya mwisho mlangoni. Jasho la dakika 10 za hoteli yenye joto linatosha kuharibu saa 2 zinazofuata.

Shambani: kumjua poro kabla ya kumgusa

Poro wote unaowaona Lapland ya Ufini, hata walio peke yao barabarani, wana mwenyewe. Masikio yao yamekatwa alama, na kila mfugaji ana alama yake iliyosajiliwa. Eneo la ufugaji wa poro, kaskazini mwa nchi, limegawanywa katika vyama 54 vya wafugaji, na idadi ya wanyama ina ukomo wa kisheria. Hata hivyo usimuulize mwenyeji wako ana poro wangapi. Ni sawa na kumuuliza Mmasai idadi ya ng'ombe wake au mwenye duka Kariakoo salio lake la benki. Atacheka, atakwepa, nawe utakuwa umeonekana.

Anayevuta sleji mara nyingi ni dume aliyehasiwa, kama maksai wetu wa jembe, na kwa sababu ileile: dume kamili msimu wa kupandana, Septemba na Oktoba, hashikiki. Mafunzo yake huchukua miaka. Usishangae kuona mmoja ana pembe mbili, mwenzake moja, wa tatu hana. Hawaumwi. Poro huangusha pembe kila mwaka, na kwa zamu: madume makubwa baada ya msimu wa kupandana, waliohasiwa baadaye kwenye majira ya baridi, na majike wenye mimba hubaki nazo mpaka karibu na kuzaa, mwezi Mei. Ndiyo, majike nao wana pembe, jambo lisilo la kawaida katika jamii hiyo ya wanyama.

Unapomsogelea, njoo kwa ubavuni ambako anakuona. Usipite nyuma yake, anaweza kurusha teke. Usimpapase kichwani kama mbwa. Pembe usiziguse kabisa. Za baridi ni mfupa mkavu usio na hisia, lakini ukizishika unakuwa umemshika kichwa, na poro aliyeshikwa kichwa hufanya anachofanya poro mwenzake akimshika: hujinasua kwa nguvu. Hatari kubwa zaidi ni ya bahati mbaya. Akila huinua kichwa ghafla, na ncha ya pembe iko usawa wa jicho la mtoto. Mtoto asimame upande wa bega la poro, si mbele ya uso.

Utapewa kiganja cha chakula chake, laikeni (si mmea, ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja) ya kijivu yenye sura ya sponji kavu inayoota chini msituni. Inakua milimeta chache tu kwa mwaka, ndiyo maana wanakugawia kidogo na hawapendi kuona inamwagwa. Iweke kwenye kiganja wazi, mkono ukiwa chini ya usawa wa pua yake. Hana meno ya mbele ya juu, kama mbuzi, hivyo atakusugua kwa midomo tu. Usimpe mkate wala chipsi.

Tega sikio akitembea. Kila hatua inatoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja vijiti vidogo. Ni kano za mguuni zinazoteleza juu ya mfupa. Ukimwona karibu utagundua pua yake nzima ina manyoya, na ukimmulika jicho wakati wa baridi linang'aa bluu, wakati kiangazi hung'aa kama dhahabu. Tabaka la nyuma ya mboni hubadilika ili alione giza vizuri. Kwato zake ni pana na hutanuka, ndizo zinazomzuia asizame.

Kupanda

Sleji ya kawaida ni ya mbao, fupi, inakaa karibu na ardhi juu ya mbao mbili za kuteleza. Ndani pametandikwa ngozi ya poro. Nywele za ngozi hiyo ni tupu katikati kama mrija, ndiyo sababu inakinga baridi sana, na ndiyo sababu inavunjika na kung'ang'ania koti lako mpaka Dar. Miti miwili inatoka kwenye sleji hadi kwenye kola ya mnyama. Hana lijamu mdomoni kama farasi. Ana hatamu moja tu, kamba iliyofungwa kichwani.

Sleji zinafungwa moja nyuma ya nyingine, na mwenyeji anatangulia kwa miguu, kwa ski (mbao za kutelezea zinazofungwa miguuni) au kwa pikipiki ya theluji. Kila sleji huchukua watu wazima 2. Kwenye zile nyembamba mrefu anakaa nyuma na mfupi mbele katikati ya miguu yake. Mtoto awe katikati. Kaa chini kabisa, nyoosha miguu ndani, egemea, kisha vuta blanketi na ulichomeke pande zote mbili na chini ya miguu. Upepo huingia kwa pengo la miguuni, si la kifuani. Begi lisiwe mkononi. Mikono na miguu visitoke nje ya ukingo, maana miti ya msituni iko karibu na njia.

Poro wa sleji inayokufuata amefungwa nyuma yako, kwa hiyo utasikia pumzi yake begani. Wakati mwingine atapitisha pua kando ya kofia yako au kuteka theluji kwa mdomo bila kusimama, ndivyo anavyojipoza. Mwache. Usigeuke ghafla kumpiga picha, uso wako na pembe zake viko futi moja tu.

Kwenye kona lalia ndani ya kona, kama abiria mzuri wa bodaboda anavyofuata mwili wa dereva. Kwenye mteremko wa ubavuni lalia upande wa juu. Sleji inaweza kupinduka abiria wote wawili wakichungulia upande mmoja kupiga picha. Ikitokea umeanguka, theluji ni laini, hutaumia sana, lakini usibaki njiani: biringika pembeni, achia kila kamba, na mpigie kelele mwenyeji "seis", simama kwa Kifini. Nyuma yako kuna mnyama mwingine anayekuja, naye hawezi kusimama peke yake ikiwa amefungwa.

Kama shamba linakuruhusu kuendesha mwenyewe na kukupa leseni ya kuendesha poro, ya kumbukumbu tu, shika kamba kwenye kiganja na kamwe usiizungushe mkononi. Poro akishtuka, kamba iliyozungushwa inaondoka na vidole. Kusimamisha ni kuvuta polepole na kushikilia, si kukurupuka. Akisimama mwenyewe katikati ya njia, mpe dakika. Huenda anakojoa, na poro hakojoi huku anakimbia. Wafini wa zamani walifanya hiyo kuwa kipimo cha safari: poronkusema, umbali kati ya kukojoa na kukojoa, takriban kilometa 7.5.

Baridi ikianza kushinda

Maumivu na kuchomachoma vinaweza kutangulia, lakini dalili ya kuogopa ni kuacha kusikia. Angalianeni usoni kila baada ya dakika 10. Kwa ngozi nyeusi, sehemu inayoganda huenda isiwe nyeupe kama inavyoandikwa kwenye vipeperushi. Inaweza kuonekana ya kijivu, iliyofifia, ngumu kidogo na yenye sura ya nta. Hutokea kwanza ncha ya pua, mashavu na masikio. Funika kwa kiganja chenye joto, au weka vidole kwapani ndani ya koti. Usisugue, na kuisugua kwa theluji ni ushauri wa zamani unaoumiza zaidi. Usiweke mguu uliokufa ganzi karibu na moto, hutajua unapoungua. Hisia isiporudi baada ya muda mfupi ndani ya nyumba, ni suala la daktari. Namba ya dharura Ufini ni 112.

Ukiwa bado ndani ya sleji, chezesha vidole vya miguu bila kukoma na kaza na kulegeza mapaja. Pombe kabla ya kupanda inakupa joto la uongo, kwa kuwa inapeleka damu kwenye ngozi ambako inapoa upesi.

Simu iwe kwenye mfuko wa ndani karibu na mwili. Betri inayosoma asilimia 60 inaweza kuzima ghafla ikipigwa baridi, na ukiipasha inarudi. Wakati wa kuingia ndani kuna mtego mwingine, na wa Dar unaujua: ukitoka ofisi yenye kiyoyozi, miwani inapata ukungu mlangoni. Kamera itapata huo huo, lakini ndani ya lenzi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uiache humo saa 1 hadi 2 ndani ya nyumba.

Kwenye moto

Baada ya sleji mtaingizwa kwenye kibanda cha mbao chenye moto katikati, kota. Moshi hupanda, kwa hiyo kaa chini. Kinywaji ni juisi ya moto ya matunda ya msituni au kahawa. Wakati wa Krismasi kuna glögi, kinywaji cha moto chenye viungo, ambacho huandaliwa yenye divai au isiyo na divai, na kwa macho hutofautishi. Uliza. Soseji za kuchoma kwenye moto huo mara nyingi zina nguruwe. Nyama ya poro yenyewe, ikikatwa nyembamba na kupikwa na siagi, huletwa na viazi vya kuponda na matunda mekundu machachu. Nyama haina mafuta mengi na inakaribia ladha ya swala. Muislamu anayejali uchinjaji asitegemee kukuta halali shambani. Supu ya samaki aina ya samoni ndiyo njia salama, na shamba likijulishwa siku moja kabla huiandaa bila kelele.

Ukikutana na Msami aliyevaa vazi lake la rangi, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Vazi hilo lina maana ya ukoo na eneo, kwa hiyo usiombe kulivaa kwa ajili ya picha. Bahashishi si desturi ya Ufini. Asante kwa Kifini ni kiitos.

Kurudi

Buti na ovaroli vya kuazima virudishwe na glavu ndani ya mifuko, hilo ndilo wanalolisahau wengi. Nyama usibebe bila kuulizia vibali vya nyumbani. Kwenye ndege ya mwisho kuja Dar, vua tabaka la ndani kabla taa ya mikanda haijawaka. Choo cha ndege ni kidogo lakini ni bora kuliko foleni ya uhamiaji ukiwa na suruali mbili za sufu. Nyumbani usilifungie koti sandukuni likiwa na unyevu: lianike kivulini siku 2, toa nywele za poro kwa mkanda wa gundi, kisha lifunge kwenye mfuko wa kubana hewa. Kabatini mtaa wa pwani, sufu huota ukungu kabla mvua za masika hazijaisha. Kama huna mpango wa kurudi, Karume watalichukua.